Hii Mgonjwa

Msichana alikuwa anakwenda kwenye usaili wa uuguzi, na mama aliyekaa nyuma yake basini alimsikia akijizoeza majibu. "Nitawaambia, hii mgonjwa nitaipeleka wodini." Muuguzi mstaafu aliyekaa kando ya msichana akaguna. "Utaipeleka? Kwani mgonjwa ni kitanda? Huyu. Nitampeleka."

"Shangazi, mtaani wote tunasema hivyo."

"Mtaani sawa, mwanangu. Pale watadhani hujali watu."

Msichana akarudia kwa kunong'ona: huyu, nitampeleka. Mama wa nyuma akamkumbuka binti yake, ambaye huongea vivyo hivyo, naye humcheka tu.

Basi likasimama. Msichana akainuka. "Asante, shangazi. Niombee, hizi watu zisinikatae."

Muuguzi akafungua kinywa, lakini msichana alishashuka.