Nchi Thelathini na Tisa za Mzee Leodgar

Ndani ya Noah, gari letu dogo la abiria, kwanza niliona karatasi mkononi mwa baba mmoja, imelowa jasho. Ulikuwa wasifu wa marehemu mzee Leodgar, aliyehudumia abiria kwenye ndege hadi akastaafu. Baba huyo alikuwa anakwenda kuusoma mazikoni.

“Nchi thelathini na tisa!” alilalamika. “Nikizitaja zote tutazika saa ngapi? Nitasema tu alisafiri sana.”

Mama wa kiti cha pili, naye wa msiba huohuo, akacheka. “Harusini kwangu aligawa soda akirudi kinyumenyume, kama tuko angani! Leo wewe umpunguzie safari?”

“Padri ana misa nyingine, mama.”

“Padri atasubiri. Leodgar hana haraka.”

Noah ikasimama Ushirombo, wakashuka wakibishana. Mimi nilikuwa naendelea nyumbani, Runzewe. Sikuthubutu kumwambia: zitaje zote, baba. Mimi sijavuka Kahama, nilitamani kuzisikia.