Kumi na Moja kwa Mia

Ndani ya basi la jioni mjini Kaohsiung, mzee aliyeketi karibu na Hsiu-lan alichungulia kitabu alichokuwa akisoma mama huyo. "Kalkulasi ya vigeu vingi? Hesabu ngumu hizo! Unamsaidia mjukuu?"

"Nasoma mwenyewe, kaka. Chuo cha jioni."

"Kwa umri huu? Ya nini?"

"Miaka thelathini nimepinda mabamba ya chuma ya meli kwa moto, nikikadiria mkunjo kwa jicho tu. Nataka kujua kihesabu kwa nini yalinitii."

"Na mtihani umepata ngapi?"

"Kumi na moja kwa mia."

Mzee akacheka. "Acha, dada. Utaumwa kichwa bure."

"Muhula uliopita nilipata nne," alijibu Hsiu-lan, akabonyeza kengele ya kushuka.

Basi likasimama mbele ya chuo. Mzee bado alikuwa akitikisa kichwa, lakini alikunja magoti upesi kumpisha, ili asimcheleweshe darasani.