Mwalimu Viola Nafuna Chege, Aliyekataa Insha za Kukariri

Mwalimu Viola Nafuna Chege alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika mtaa wa Makongeni, Thika. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Sifuna, aliyetoka Kimilili kuja kufanya kazi kiwandani, na Mama Rachael, ambaye yuko nasi hapa leo. Nyumbani walizungumza Kibukusu, nje Kikuyu, kanisani Kiswahili. Kiingereza alikipata kwenye magazeti yaliyofungiwa nyama. Aliyakunjua, akayaanika na kuyasoma yakiwa bado na madoa ya damu, huku mama akimwita aje kuosha vyombo na yeye hasikii.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978 hapo hapo Makongeni, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985. Shule ya upili alisomea Kimilili kwa bibi yake, na huko alipigwa kofi kwa kumwambia mwalimu kwamba sentensi aliyoiandika ubaoni ilikuwa na kosa. Wakati wa mapumziko alirudi darasani akaisahihisha. Mwaka 1993 alihitimu chuo cha walimu na kuanza kufundisha Kiingereza katika shule ya upili upande wa Gatundu, ambako alikaa hadi alipostaafu mapema mwaka 2017.

Alifunga ndoa na Bwana Chege Njau, muuzaji wa vipuri mjini Thika, tarehe 7 Desemba 1996. Chege alipomposa alimwandikia barua ndefu ya Kiingereza. Barua ilirudi imejaa wino mwekundu, na chini yake maneno haya: "Unaongea vizuri kuliko unavyoandika. Njoo nyumbani." Siku alipopelekwa kwa wakwe, mama mkwe alimtazama, akawageukia wanawake wenzake na kusema kwa Kikuyu, "Haiya! Sasa huyu tutakuwa tunaongea naye lugha gani?" Viola akamjibu kwa Kikuyu, "Hii hii, mami, na nikikosea utanirekebisha." Hakukosea. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ciku na Njau, waliolelewa Ngoingwa.

Mwaka 2018 aliajiriwa na chuo kimoja cha lugha mjini Ruiru, mali ya Bwana Gachau. Wanafunzi wengi walikuwa wauguzi waliotaka kazi ng'ambo, na bila kupita mtihani wa Kiingereza hakuna hospitali ya huko ingewachukua. Viola alipewa sehemu mbili, kusoma na kuandika. Kila asubuhi aliwapa ukurasa wa gazeti wausome, akaukusanya, kisha wakaandika walichoelewa bila kuchungulia. Aliyeweka sentensi ya kupendeza asiyoielewa alirudishiwa karatasi. "Hii umeitoa wapi? Irudishe ulikoitoa." Hakuwa mpole. Wengine walilia, wengine wakahama. Familia haitasema kwamba alipendwa na wote, maana yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kupiga mstari mwekundu hapo.

Sehemu inayofuata familia iliombwa jana na upande wa chuo iiondoe. Haikuiondoa.

Mwaka 2022 Bwana Gachau alianza kuwagawia wanafunzi insha zilizokwisha kuandikwa, wazikariri na kubadilisha maneno machache tu kulingana na swali. Alizigawa Jumamosi, siku ambayo Viola hakuwa kazini. Viola alipozigundua alizikusanya, akazimwaga mezani kwa Bwana Gachau na kumwambia kwamba wasahihishaji si wajinga. Akajibiwa kwamba watu wanataka kusafiri, hawataki kusoma magazeti. Insha ziliendelea kugawiwa. Mwezi Mei 2023 matokeo ya wanafunzi tisa yalifutwa kwa sababu maandishi yao yalifanana neno kwa neno, na wote wakafungiwa mtihani kwa miaka miwili. Mmoja wao alikuwa Mbinya, muuguzi wa hapa Thika, aliyekuwa tayari ameahidiwa kazi Uingereza. Kazi ile alipewa mtu mwingine.

Wanafunzi walipojaa ofisini wakitaka kujua nani wa kulaumiwa, Viola aliingia katikati yao.

"Bwana Gachau, waambie nani aliwapa zile insha."

"Mwalimu, punguza sauti, tafadhali."

"Sipunguzi. Waambie."

"Anayefundisha kuandika hapa ni nani?" Bwana Gachau akawauliza wanafunzi. "Ni mimi?"

Hakuna aliyemtaja, hata hao waliopewa insha zile mkononi na Gachau mwenyewe. Kufikia Jumatatu, tangazo lilikuwa limebandikwa getini na kuwekwa mtandaoni, likiwa na picha ya Viola: mtu huyu si mfanyakazi wetu tena, amefukuzwa kwa udanganyifu wa mtihani, na atakayeshughulika naye ni shauri yake. Watu wa Ngoingwa walitumiana picha hiyo kabla ya ibada ya Jumapili iliyofuata. Akina mama wa kundi lake la kanisa, ambao wengine wameketi mstari wa mbele leo na vitambaa vyao, walimwomba "apumzike kidogo" na kazi yake ya ukatibu. Alipumzika. Hakurudi tena, na hawakumwita.

Alikodi chumba Mwihoko, nyuma ya duka la dawa, akaweka viti na ubao. Wa kwanza kubisha mlango alikuwa Mbinya, na hakuja kusoma, maana insha yake aliipokea kwa mwenzake na tangazo lile aliliamini.

"Umenimaliza, mwalimu," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Nimekuja kukuambia hivyo uso kwa uso."

Viola alimpa karatasi na kalamu. "Keti. Niandikie yote. Kwa Kiingereza."

Mbinya alidhani anachezewa, lakini hasira ilikuwa nyingi kuliko mdomo, akaketi. Aliandika kurasa mbili bila kuinua kichwa. Viola alizisoma pamoja na matusi yake yote, akasahihisha nukta na vitenzi, kisha akasema, "Mambo uliyosema hapa ni uongo. Lakini hii ndiyo insha ya kwanza umeandika wewe mwenyewe. Kesho asubuhi njoo na gazeti." Mbinya aliondoka bila kuaga. Kesho yake alikuja, na akaendelea kuja hadi adhabu yake ilipokwisha.

Mwezi Septemba 2024 Viola aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alifundisha mpaka miguu ilipovimba, akalazwa Thika. Julai 2025 Mbinya alikuja wodini akikimbia, amepita sehemu zote. "Na kuandika?" Viola aliuliza. Alipotajiwa alama alifumba macho, akacheka hadi akaumwa. Wiki hiyo hiyo chuo cha Ruiru kilichapisha picha ya Mbinya mtandaoni na pongezi kwa "mwanafunzi wetu". Mbinya aliandika chini yake, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja, kwamba mwalimu wake anaitwa Viola Chege. Maneno yake yalifutwa.

Mwezi Agosti Bwana Gachau alifika hospitalini na kikapu cha matunda, akasema angependa yaliyopita yaishe.

"Tangazo uliliweka mbele za watu," Viola alimwambia. "Msamaha unataka kuuomba nyuma ya pazia la wodi? Kauombe pale pale getini. Na matunda yako beba."

Mumewe alitaka kumtuliza. Alimkataza kwa mkono. Bwana Gachau alibeba kikapu chake, na hadi asubuhi ya leo tangazo liko mtandaoni na picha ya marehemu ikitabasamu juu yake. Ameleta shada la maua na kuomba dakika chache za kusema. Shada liko nje ya geti. Kusema, familia imekataa.

Mwalimu Viola aliaga dunia tarehe 9 Oktoba 2025, mumewe na binti yake wakiwa kando yake. Hakuwa amemsamehe mtu, na familia haitasamehe kwa niaba yake.

Ameacha mume, Bwana Chege Njau. Watoto, Ciku na Njau. Mama yake, Mama Rachael. Na ndugu yake mdogo, Jeconia Sifuna, anayesoma wasifu huu. Ameacha pia Mbinya, aliyeahirisha safari ili alibebe jeneza pamoja na wanaume, na wanafunzi wote waliojifunza kusema jambo kwa maneno yao wenyewe.

Mungu ampe Mwalimu Viola amani ile ambayo Ruiru ilimnyima.