Mzee Lete wa Shimo la Pili: Miaka Thelathini na Minne Chini ya Magari Madogo

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi alasiri, fundi mkuu wa springi atavua ovaroli yake na kuirudisha stoo baada ya kuitumikia karakana hii miaka thelathini na minne na miezi miwili. Faili lake lina jina lake kamili, na wanaolijua ni watu wa ofisini tu. Sisi wengine na wateja wake wote tunamwita Mzee Lete, na ukimwita kwa lile la kwenye faili haitiki mara ya kwanza.

Kesho yake asubuhi atafunga safari na mkewe kuhamia karibu na binti yao na wajukuu wawili, mwendo wa siku nzima kwa gari. Wiki chache zilizopita safari hiyo ilikuwa imebaki ya mtu mmoja. Mke alikuwa amesema hatakwenda, na waliosababisha ni sisi, tena kwa zawadi. Nitalieleza hilo kwa mapana, kwa sababu nilikuwa kinara wa kosa lenyewe.

Msimamizi wetu aliniagiza ukurasa mmoja wa kumuaga, usio na utani mwingi. Alinichagua mimi kwa kuwa nipo shimo la tatu, jirani na shimo lake la kusimamia chini ya magari, upande wa breki, kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kikohozi cha Mzee Lete nimekisikia kuliko redio ya karakana. Namwomba radhi mapema kwa urefu na kwa utani.

Mzee Lete aliajiriwa kuosha magari. Ndoo na kitambaa alivishika mwaka mmoja na nusu, kisha akaomba kushuka shimoni, na tangu siku hiyo kazi yake imekuwa moja: kuimarisha sehemu ya nyuma ya gari dogo ili libebe mzigo au livute tela jepesi bila kuburuza tumbo. Wateja wake ni watu wenye gari moja tu, na hilo moja linatakiwa lifanye kila kitu. Siku za kazi linabeba bidhaa, Jumapili linabeba familia.

Jina lake lina historia yake. Katika mwaka wake wa kwanza shimoni alikuja mama mmoja muuza mayai, gari lake limeinama nyuma. Fundi wetu alimuuliza anabeba nini zaidi, akajibiwa magunia ya chakula cha kuku. Akafunga springi nene za kubeba magunia, akajaribu kwa mifuko ya mchanga, gari likakaa sawasawa, akajipongeza. Hakuuliza magunia hubebwa lini; kumbe yalibebwa wakati wa kurudi tu. Wakati wa kwenda gari lilibeba mayai peke yake, nalo likiwa jepesi namna hiyo lilidunda kwenye kila jiwe. Wiki moja baadaye yule mama aliingia karakana, akaweka trei ya maganda na ute juu ya meza ya fundi, akatoka. Trei ile ilikaa pale siku nzima, kwa sababu fundi mwenyewe alikataza isiondolewe.

Kuanzia hapo, mteja yeyote akianza kueleza anabeba kilo ngapi, hukatizwa kwa upole na neno moja: lete. Lete mzigo wenyewe, wote, wa kwenda na wa kurudi, na uupange mwenyewe kama unavyoupanga kila siku. Anasimama pembeni na futi yake, anapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari likiwa tupu na likiwa limejaa, kisha ndipo anachagua springi. Anasema watu hawadanganyi kwa makusudi kuhusu uzito, ila wanabeba kwa mazoea na kuhesabu kwa matumaini.

Kwa hiyo shimo la pili limeona mengi. Mwalimu aliyesema anabeba vitabu vichache alifika akiwa ameketi juu ya vingine. Bwana mmoja alisema yeye habebi mzigo wowote isipokuwa mama mkwe siku za kliniki. Akaambiwa amlete, akamleta. Mama mkwe alipotambua kwa nini fundi anapima gari kabla na baada ya yeye kuketi, alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, na sisi wa shimo la tatu tukainama kutafuta spana ambazo hazikupotea. Mzee Lete alimtuliza kwa kumwambia kwamba shida ni springi zimezeeka, naye hana lawama yoyote, na yule mama huleta salamu mpaka leo.

Ameshafundisha mafundi tisa. Kila mmoja wao anajua kwamba springi mpya hazibadilishi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba, na kwamba waliokuja kwa ajili ya tela hawaondoki kabla ya kupita kwangu, kwa maana springi haikuongezei breki. Maneno hayo ni yake, nami nimekula mkate kwayo. Aliwahi pia kumkatalia mteja mkubwa aliyetaka kuvuta mashua kwa kigari kisichozidi meza ya kulia chakula. Mteja alifoka na kwenda kwingine, na Mzee Lete akaendelea kunywa chai.

Sasa nije kwenye gari lake mwenyewe. Ni dogo, la rangi ya maziwa, na kwa miaka mingi ndilo lilikuwa kichekesho chetu. Springi zake ni zile zile za kiwandani, laini, na likiwekwa hata mizigo miwili linakaa chini nyuma. Fundi bingwa wa springi akitaka kuhamisha kabati anakwenda safari tatu. Tulimtania, tukamwita bahili, tukasema anaziogopa kazi zake mwenyewe. Yeye alicheka pamoja nasi, na hakuna aliyewahi kumuuliza sababu. Miaka yote hiyo, hakuna.

Alipochukua likizo ya wiki moja kwenda kwa basi kukagua nyumba yao mpya, aliliacha gari hapa uani. Nikaitisha kikao, nikiwa na wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili sana. Anahama, ana vitu vya nyumba nzima, na mkewe hakubali cherehani yake ya miguu, ile ya chuma kitupu, ipakiwe kwenye lori la watu. Tumfungie springi nene kuliko zote zilizopo stoo, shokapu ngumu za kuzuia gari lisidundedunde, na ndoano ya kuvutia tela. Na tela dogo juu ya hayo yote, kwa mchango wetu. Tulifanya kazi siku mbili kwa vicheko, tukalijaribu gari kwa kukaa watatu kwenye buti, tukapiga picha, tukafunga utepe mwekundu.

Hakuna aliyepima kitu. Mafundi watano waliofundishwa na mtu yule, na hakuna aliyesema lete mzigo.

Alirudi Jumatatu. Alilizunguka gari lake, akaweka kiganja juu ya buti akakandamiza, gari halikushuka hata unene wa ukucha. Kisha akatushukuru mmoja mmoja kwa kushika mkono. Niliona ametulia kuliko nilivyotegemea, nikadhani ni furaha iliyomzidi.

Jumatano alimpeleka mkewe kliniki. Kutoka kwao hadi kliniki kuna matuta kumi na moja. Mkewe aliteleza kwenye ngazi iliyolowa miaka tisa iliyopita na mgongo haukupona sawasawa. Hukaa kiti cha nyuma, mguu mmoja ameunyoosha, na hapo ni juu kabisa ya magurudumu tuliyoyafungia springi zetu nene. Waliporudi nyumbani hakuweza kushuka, wakaitwa majirani wawili. Alilala kitandani siku tatu. Siku ya nne alimwambia mumewe aende yeye, awasalimie wajukuu, na yeye atabaki kwa dada yake. Basi hawezi kulikaa, na sasa hata gari lao wenyewe limemshinda.

Haya Mzee Lete alinieleza Jumatatu iliyofuata, akifuta mikono kwa kitambaa ambacho hakikuwa na mafuta. Ndipo nilipoelewa zile safari tatu za kabati. Alikuwa ameziacha springi laini kwa ajili ya mgongo wa mkewe, na kwa miaka tisa alikubali kuchekwa bila kujitetea. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia siku ile ile.

"Mlinipa kwa moyo, mdogo wangu," alisema. "Nikadhani nikiendesha polepole itatosha. Wateja wote hawa nawaambia walete mzigo, halafu mke wangu namkalisha kwenye gari sijalipima."

Aibu ilinishika mpaka masikioni, na naandika hapa ili isomwe mbele ya watu, kwa sababu pale shimoni sikumwomba msamaha.

Jioni ile ile tulikwenda kwao na jeki mbili, tukafungua springi zetu nene uani kwao, tukarudisha zile za zamani, ambazo bahati nzuri hatukuzitupa. Mama, yaani mkewe, alitutazama kupitia dirisha. Hakutulaumu, alituletea maji ya kunywa kupitia kwa jirani, na hiyo iliniuma zaidi kuliko kama angetufokea. Nilimwomba kitu kimoja: aje karakana Jumamosi, yeye na vitu vyote. Alisema atafikiria, na kwamba hatuahidi chochote.

Alikuja. Alikaa nyuma, mguu ameunyoosha, mto kiunoni, masanduku manne kwenye buti, na tela nyuma likiwa na cherehani, magodoro na sufuria. Mzee Lete alishuka akanyoosha mkono kuchukua futi, na msimamizi wetu akamwamuru arudi kwenye kiti chake, kwa sababu yeye ndiye atakayeendesha na uzito wake unahesabiwa.

Alirudi. "Haya, leo na mimi ni mzigo," alisema, akaweka mikono magotini. Mdomo, hata hivyo, hakuufunga.

Tulifanya kama alivyotufundisha. Tulipima tupu, tukapima limejaa. Springi laini peke yake zilizama, tumbo likakaribia ardhi. Tukatoa masanduku mazito kwenye buti tukayahamishia kwenye tela, cherehani tukaikalisha juu ya ekseli ya tela, ule mtaimbo wa magurudumu, mbele kidogo ya katikati, ili tela lisiyumbe. Uzito uliobaki ukilalia ndoano tuliupima kwa mizani ya bafuni. Kisha ndani ya kila springi tukaingiza mfuko wa hewa, ule unaojazwa kwa pampu kama tairi: mzigo ukiwepo unaongeza hewa, ukishuka unapunguza, na springi inabaki na ulaini wake. Shokapu tukafunga mpya za kawaida. Hewa tulijaza kidogo kidogo, na kila tulipojaza tulilitikisa gari na kumuuliza mama. Mara ya kwanza alisema bado inazama. Mara ya tano alisema inampiga. Tukapunguza kidogo, tukatikisa, akafumba macho akasikiliza mgongo wake.

"Hapo," alisema. Nikaandika kiwango kile kwa chaki ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, halafu nikarudia kwa rangi.

Lakini karakana si barabara, na mama hakuwa mtu wa kudanganyika kwa kutikiswa. Alitaka kujaribu barabarani kwanza. Wakatoka, mzigo wote na tela, kilomita arobaini kwenda na kurudi, na matuta yale kumi na moja yakiwemo. Mimi na msimamizi tuliwafuata kwa gari la karakana, roho mkononi. Nilihesabu matuta kwa sauti mpaka msimamizi akaniambia ninyamaze. Gari la rangi ya maziwa lilipanda na kushuka taratibu, tela likafuata bila kuyumba.

Baada ya tuta la tisa, tukiwa njiani kurudi, taa za breki ziliwaka na Mzee Lete akaegesha pembeni ghafla. Nilijua tumekwisha. Alishuka akikimbia, mtu ambaye sijawahi kumwona akikimbia, akafungua mlango wa nyuma. Tulipofika alikuwa ameinama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa ametazama kwenye kioo akaona mkewe amefumba macho na kichwa kimeinama, akadhani amezimia kwa maumivu.

Alikuwa amelala. Aliamka kwa kelele za mlango, akamtazama mumewe, akatutazama sisi wawili tuliosimama nyuma yake tumeduwaa.

"Baba, mbona umesimama?" alimuuliza. "Twende."

Mzee Lete alifunga mlango ule kwa mikono miwili. Akarudi kwenye usukani, akakaa kidogo bila kuwasha gari, na sisi tukajifanya tunakagua tela.

Mzee Lete, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne, kwa mafundi tisa, kwa magari ambayo hatuwezi kuyahesabu, na kwa kutusamehe kabla hatujaomba. Tunakushukuru nawe mama, kwa kutuazima mgongo wako Jumamosi nzima. Kurasa za namna hii huandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, huyo anayestaafu, lakini asubuhi ya safari lango litafunguliwa kwa watu wawili ndani ya gari moja. Nendeni polepole, pumzikeni mnapochoka, na mkifika mtupigie simu. Maisha mema, nyote wawili.