Pazia Nyuma ya Viatu

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, binti mwenye sare ya shule alikuwa akimwonyesha mshonaji, aliyepakata mfuko wa vitambaa, biashara yake ya mtandaoni kwenye simu. Ananunua viatu vya mitumba, anavisugua, anavipiga picha sebuleni kwao, kisha anaviuza.

"Vinauzika?" mshonaji akauliza.

"Bado, mama. Wateja wote wanaulizia pazia la nyuma. Jana nimeliuza."

"Pazia la mama yako?"

"Anarudi safari leo jioni."

"Mwanangu, nyumba ya mama yako si duka," akaanza, akamsema vituo viwili bila kupumua, hata mimi nikajiona nina makosa. Basi likasimama. Mshonaji akainuka, akaitazama tena ile picha ya viatu kwenye simu.

"Na hilo kochi," akasema, "mwisho bei gani?"