Laurentine Ndaya, Mwenye Kufuata Bitu Bya Mbinguni, Anazikwa Kolwezi

Bazazi, bajirani, tata Padri, na ninyi bote mulikuja kulia na sisi: mi ni Mignonne, mudogo wa marehemu. Yaya yangu aliacha neno moja tu, azikwe Kolwezi. Musikilize juu ya nini.

Laurentine Ndaya Kazadi alizaliwa hapa Kolwezi tarehe 14 Juni 1984, mutoto wa kwanza wa tata Kazadi, fundi wa mashine ku machimbo ya Mashamba, na mama Stéphanie. Alianza masomo hapa hapa. Mwezi wa Machi 1993, kazi za migodi zimeanguka na batu ba Kasai, kama sisi, banafukuzwa, jirani yetu Omer alileta vijana ku mulango yetu batutoshe. Omer huyo alikuwa anakula bukari, ugali ya mama, kwetu kila siku ya Mungu! Tulilala ku gare ya treni, inje, wiki nyingi. Tata akafia mu treni ya kwenda Kasai, akazikwa pembeni ya reli, na leo hakuna mwenye kujua ni wapi. Omer aliingia mu nyumba yetu sufuria ingali ku mbabula, ku moto ya makala.

Yaya alimaliza sekondari Mwene-Ditu, kule Kasai, mwaka 2002, akasoma hesabu Lubumbashi, kiisha akaenda Afrika Kusini. Kule alijifunza kazi yake: kufundisha kompyuta kwa mapicha elfu na elfu, itambue yenyewe satelite nzima ni gani, takataka ya roketi ni gani, na itapita wapi kesho, zisigongane.

Alifunga ndoa tarehe 2 Agosti 2014 na Polycarpe Banza, mutoto wa Tenke, Mukatanga. Niseme wazi: Bakatanga si adui zetu. Mwenye alitufukuza ako na jina.

Mwaka 2016 bakahamia Kolwezi na mama, yaya akaweka kamera yake ya kuangalia anga yulu, ku paa ya nyumba. Mashine ikaanza kudanganyika: vumbi ya makamyoni ya migodi, ikipigwa na jua ya jioni, mashine ilisema ni takataka za anga. Wenzake ba kazi, ba Afrika Kusini, bakamuambia ahame. Ahame tena? Alikalisha mama mbele ya kompyuta.

"Mama, hii?"

"Vumbi."

"Na hii?"

"Hii inajua kwenye inaenda. Si vumbi."

Mashine ikajifunza kwa macho ya mama, na kamera ikabaki.

Kulikuwa kipande kimoja cha roketi, kizito, chenye kuzunguka bule tu. Yaya alikipa jina Omer. Jioni anatuita: "Mutoke inje, Omer anapita!" Siku kiliungua mu hewa, Mei 2021, alichinja kuku. Padri alimugombeza. Akajibu: "Tata Padri, juu ya kuku nitatubu. Juu ya Omer, hapana."

Kansa ya damu ilimushika mwaka 2023. Alitibiwa Lubumbashi, na kule alifariki tarehe 9 Septemba 2024, asubuhi, mukono wake mu mukono ya mama. Mbele ya kufa alitukumbusha maneno Omer alimuambia tata ku gare: "Ninyi, Kolwezi hapa, hata kaburi hamutapata." Akasema: "Munirudishe kule. Na aone."

Anaacha mama Stéphanie, bwana yake Polycarpe, batoto babili, Kazadi na Mukuna, na mi mudogo yake.

Kwetu, udongo wa kwanza anatupa mukubwa wa familia. Tata hayuko, munajua sasa juu ya nini. Basi tata Omer, leo uko shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa yetu, umekaa mbele ku kiti ya bakubwa, na suti nyeusi. Familia tumekubaliana: udongo wa kwanza ni wako. Simama, tata. Inama. Shika udongo wa Kolwezi na mukono yako, umuzike mutoto wa Kazadi hapa, batu bote banaona.

Yaya, pumzika wewe na amani yako. Tata Omer, tunakungojea.