Fundi Ambindwile Mwakatobe na Milango Yake Ishirini na Miwili

14 Machi 1958 – 10 Juni 2025

Ndugu, majirani na wote mliopanda mlima kuja kuzika nasi, huyu tuliyemleta Kisiba leo alikuwa mtu wa maneno machache, na wasifu wake hautamsingizia mengi. Ambindwile Mwakatobe alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji hiki hiki, mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Anyosisye Mwakatobe na mama Beatrice. Ilikuwa familia ya migomba, kahawa kidogo na ng'ombe wawili. Mama yake alipenda kusimulia kwamba akitumwa kuni alichelewa kurudi, kwa sababu kila gogo ilikuwa lazima alipasue kwanza aone ndani kukoje. Alichapwa kwa ajili hiyo, na hakuacha.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na hakupoteza muda kulia. Mwaka 1974 baba yake alimpeleka Tukuyu kwa Fundi Hosea, aliyekuwa na karakana karibu na soko. Alikaa pale miaka minne, na mwaka wote wa kwanza kazi yake ilikuwa kunoa tu. Fundi Hosea, ambaye yupo nasi leo akiwa mtu wa umri mkubwa, hakumpa mwanafunzi ubao kabla hajaweza kunyoa vinyweleo vya mkono kwa patasi.

Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Tupokigwe, nao wakajaliwa watoto watano. Mwaka 1985 alifungua karakana yake Bulyaga, hapo hapo Tukuyu. Ilikuwa banda la mabati manne, meza moja na jiliwa la kubania mbao, nalo la kuazima.

Sasa tufike kwenye kazi, maana hapo ndipo alipoishi.

Mlango wa mbao hausimami kwa msumari. Unasimama kwa ulimi wa ubao mmoja kuingia na kukaza katika tundu la ubao mwingine. Kwa miaka ishirini na sita Fundi Ambindwile alichimba matundu hayo kwa patasi na nyundo ya mti, kumi kwa kila mlango, hadi bega la kulia likashuka kuliko la kushoto na fundi cherehani wake akajua namna ya kumkatia koti. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu alipokubali kwamba bega halitamfikisha sitini. Mwezi Mei 2011 akapanda gari kwenda Mbeya kutafuta mashine ya kutoboa matundu. Alimchukua mdogo wake, Loyce, anayeuza ndizi huko na anayejua kuongea na watu wa bei.

Katika soko la Mwanjelwa walikuta mashine mbili. Moja mpya, nyekundu, nyepesi, inayotoboa, kukata na kuranda. Nyingine kuukuu, chuma kizito cha kijivu, imetoka katika karakana iliyofungwa, na kazi yake ilikuwa moja tu: patasi ya mraba iliyo wazi katikati, na ndani yake keekee, chuma cha kutobolea, inayozunguka. Ukivuta mkono wa chuma, tundu linatoka la mraba. Muuzaji alikuwa ameifanya rafu ya kuwekea makopo ya rangi.

"Mzee, chukua hii nyekundu," muuzaji alisema. "Inafanya kazi tatu, na ina warantii ya mwaka mzima."

"Kitu cha kuahidiwa mwaka mzima kimeshaanza kujishuku," Loyce alimjibu.

Fundi Ambindwile alifungua mkoba akatoa kipande cha mkaratusi mkavu alichokibeba kutoka nyumbani.

"Aa, mzee, tujaribie msindano, mbao laini, ninao hapo."

"Wateja wangu hawanunui msindano," alisema Fundi.

Ile nyekundu ilitoboa tundu la kwanza vizuri, la pili ikatetemeka, la tatu meza yake ikainuka kama kuku anayetaka kuruka. Ile ya kijivu ilitoboa matano, na ndani yake angeweza kupima pembe kwa rula. Akamtazama dada yake, akakuna sikio. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yao.

Muuzaji akajiandaa kushushiwa bei. Loyce akamwambia, "Bei yako sitaigusa. Ila nipe patasi zote nne zilizoko kwenye boksi lile, na keekee zake."

"Mama, zile zinauzwa peke yake!"

"Tangu lini? Zina vumbi la miaka mitatu. Nikiondoka, utaendelea kuzipangusa wewe."

Walirudi Tukuyu na mashine na patasi nne. Umeme wa njia tatu ulichelewa hadi Septemba, na kwa miezi minne watu wa Bulyaga walipita wakiuliza kama ile sanamu ya chuma imeshaanza kula.

Ilipowaka, ilikuwa na adabu zake, na Fundi alizishika zote. Kila asubuhi alinoa patasi kwa ndani na nje. Kati ya keekee na mdomo wa patasi aliacha nafasi ya unene wa sarafu ya shilingi mia, kwa sababu vikigusana vinaungua. Jumamosi alipaka grisi. Jioni aliifunika blanketi ukungu usiipandishe kutu. Mkewe, Mama Tupokigwe, alilalamika kwamba mashine ilipata blanketi kabla ya wageni. Fundi akamwambia wageni hawashiki kutu.

Waliokuja kuuliza siri ya mashine aliwaonyesha hayo. Lakini kosa lake kubwa lilitokana na mashine ile ile, na familia imekubaliana lisomwe, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha.

Mlango uliomchukua wiki mbili sasa ulimchukua siku mbili. Sifa zikaenea, watu wakapanga foleni. Mbao kavu alizokuwa nazo darini ziliisha kwenye mlango wa sita. Akaanza kununua moja kwa moja kutoka kwa wapasuaji. Ubao uliofika Jumatatu ulikuwa mlango Ijumaa. Kati ya Oktoba 2011 na Januari 2012 alitengeneza milango ishirini na miwili namna hiyo, tena kwenye mvua. Mashine ilimwambia: maranda hayakutoka kama unga, yalitoka yameshikana kama majani ya chai yaliyochujwa, na patasi ikawa ya bluu kwa joto. Yeye akanoa tena, akaendelea. Zamani ule uchelewaji wa mkono ndio uliokausha mbao zake. Mashine iliondoa uchelewaji, na pamoja nao ikaondoa ukavu. Hakuliona hilo, wala sisi hatukuliona.

Agosti 2012, kiangazi kikiwa kimekomaa, nesi Jenifer wa pale pale Bulyaga aliingia karakana wateja wakiwemo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, nesi. Karibu."

"Nimemleta mgonjwa kwa maneno, maana mwenyewe habebeki. Mlango wangu umelegea kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikiwa nje namwona mume wangu anavyokula."

Wateja walicheka. Fundi alichukua rula akaenda naye. Aliingiza ukucha kwenye kiungo, kisha kidole. Ulimi ulikuwa umesinyaa ndani ya tundu. Njiani alirudi akipitia mlango wa pili, wa tatu, wa nne. Yote ilikuwa hivyo hivyo.

Fundi Hosea alimshauri kama mzazi: "Piga kibati na misumari, waambie ni hali ya hewa."

"Hali ya hewa ya Tukuyu naijua tangu nizaliwe, baba," alisema. "Aliyeisahau ni mimi. Nikifa na mlango mmoja mbovu, watasema milango ya Mwakatobe ilikuwa inalegea. Hawatahesabu mizima."

Akaandika majina ishirini na mawili ukutani kwa mkaa. Kuanzia siku hiyo, kila ubao ulioingia aliuandika kwenye ncha mwezi uliofika, na haukuguswa kabla haujapita kiangazi kizima. Mteja mwenye haraka aliambiwa, "Nenda kwa mwenye haraka mwenzako. Mkirudi wote wawili, mtanikuta." Kati ya kazi moja na nyingine alitengeneza milango mipya ya kulipia ile, bure, akaibeba mwenyewe hadi kwa wenyewe. Mama Tupokigwe alisubiri bati la jikoni miaka miwili na nusu. Alisema maneno yake, ambayo hayafai kusomwa mbele ya mchungaji, kisha akashika msasa akamsaidia. Kufikia Desemba 2014 majina ishirini na moja yalikuwa yamefutwa.

Lilibaki moja, la mama yetu Tulinagwe, wa hapa hapa Kisiba.

Fundi alimpelekea mlango mpya, mkavu, umepigwa msasa. Mama Tulinagwe, aliyemwita tata, yaani baba, aliusukuma kwa fimbo, akauzunguka.

"Urudishe, tata. Huu wangu umeshamaliza kulegea. Huo wako ndio utaanza."

"Hauwezi kulegea, mama. Mbao zake zina miaka miwili."

"Hata huu uliniambia hauwezi."

"Basi nipe huo nikautengeneze."

"Fundi akishachukua kitu, ujue umekizika. Mwaka themanini na tisa mwenzako alichukua kitanda changu akaze miguu. Umekiona?"

Alirudi mwaka uliofuata, na uliofuata. Kila mwaka alipewa ndizi na chai, na kila mwaka alinyimwa mlango. Watu walimwambia aache, huyo ni mzee mmoja, na mwenyewe haulalamikii. Aliwajibu kwamba asiyelalamika ni mama, mlango unalalamika kila ukifungwa.

Tarehe 6 Februari 2023 alipata kiharusi. Mkono wa kulia, ule wa kuvutia mashine, ulikufa. Alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani na fimbo. Kwa mwezi mzima hakuingia karakana. Siku aliyoingia alimkuta binti yake Tusekile, aliyekuwa akimsaidia kupaka vanishi, ameshusha patasi anainoa. Aliichukua kwa mkono wa kushoto, akajaribu kwenye vinyweleo vya mkono uliokufa. Vikanyoleka. Akavuta kigoda, akaketi. Tangu siku hiyo Tusekile alivuta na baba yake alisikiliza. Aliweka kiganja cha kushoto kwenye meza ya mashine, na keekee ikianza kulemewa alisema "pumzisha" kabla binti hajausikia mlio.

Ila jina lile moja lilikuwa bado ukutani. Daktari alishasema kiharusi kina tabia ya kurudi, na Fundi alielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa. Oktoba 2024 alikodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, akapanda na Tusekile hadi kwa mama Tulinagwe. Hakubeba mlango mpya.

"Mama, ulisema kweli," alimwambia. "Huu umemaliza kulegea. Sasa hivi hakuna ubao mkavu kuliko huu Rungwe nzima. Sikuletei mwingine. Naomba huu huu."

Mama Tulinagwe alimtazama mguu, akamtazama mkono.

"Utaurudisha?"

"Nitaurudisha."

"Basi naenda nao."

Akachukua chupa yake ya chai na shuka, akapanda mbele kwenye kirikuu. Kutwa nzima aliketi karakana akiulinda mlango wake kama mtu aliyeleta ng'ombe mnadani. Tusekile aliufungua viungo vyote. Akagandisha vipande vyembamba vya mninga kwenye ndimi zilizosinyaa, akaweka patasi kubwa kwa namba moja, akayanyoosha matundu yote kumi. Maranda yalitoka kama unga wa muhogo. Fundi hakusema "pumzisha" hata mara moja. Gundi ilipopakwa, yeye mwenyewe aligonga kabari, kwa mkono wa kushoto, polepole, akikosa na kurudia.

"Mwache binti apige, tata," mama Tulinagwe alisema. "Utavunja kidole."

"Huu ni wangu, mama."

Gundi ilishika kucha, na mama Tulinagwe akalala kwa Mama Tupokigwe, chumba cha pili kutoka kwa mlango wake. Kesho yake walikwenda wote kuufunga. Mama Tulinagwe aliufungua, akaufunga, akaugonga kwa fimbo pembe zote nne. Haukulia.

"Ndaga fijo," alisema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. "Umefunga. Sasa nitafutie na yule wa kitanda."

Waliporudi, Tusekile alimshika baba yake mkono hadi ukutani, naye akalifuta jina la ishirini na mbili kwa kiganja. Mama Tupokigwe anasema usiku huo alikula sahani mbili.

Kiharusi kilirudi asubuhi ya Jumanne tarehe 10 Juni 2025. Alifikishwa hospitali akiwa bado anapumua, akafariki saa tano na nusu, akiwa na miaka sitini na saba. Tunawashukuru wauguzi na majirani walioshika machela. Mama Tulinagwe ametembea mwenyewe kuja hapa, kwa umri wake, na ametuambia ameuacha mlango umefungwa na ufunguo uko mfukoni.

Marehemu ameacha mjane, Tupokigwe, watoto watano: Lugano, Tusekile, Dennis, Anneth na Innocent, wajukuu tisa, na ndugu wanne, akiwemo Loyce. Ameacha pia karakana, mbao za milango kumi na minne zilizoandikwa mwezi, na mashine. Wale wawili waliopiga simu tangu Jumatano kuulizia bei yake, poleni kwa msiba na asanteni kwa kutukumbuka. Mashine haiuzwi. Jumatatu saa mbili Tusekile anaiwasha, na mwenye haraka asije.

Bwana ampokee na ampe pumziko. Ameondoka hadaiwi mlango na mtu.